Tupeane uzoefu: kutoka sekunde 60 za kukimbia hadi kilomita 21 kwa programu ya simu

Mama Ntinda
Hamjambo ndugu zangu. Nina miaka 41, nipo Kampala, na tangu nimalize shule sikuwa nimekimbia hadi Februari mwaka jana nilipopakua Couch to 5K, mpango wa kumfikisha asiyekimbia hadi kilomita 5. Kwa wasioijua: ni wiki 9, siku tatu kila wiki. Siku ya kwanza unatembea dakika 5, halafu unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, na kurudia hivyo kwa dakika 20. Kusikia tu, unaona ni jambo jepesi. Mimi pumzi ilikatika hata dakika haijaisha, kwa sababu nilikimbia kwa kasi ya mtu anayewahi teksi.

Lililonikwamisha zaidi ni wiki ya tano. Siku ya pili ni dakika 8 mara mbili, siku ya tatu ni dakika 20 mfululizo bila kutembea. Programu inahesabu dakika, haijui kwamba zako zimeangukia kwenye kilima cha Naguru. Niliirudia wiki ile mara tatu, nikilala na uchungu kila nikishindwa. Mara ya nne nilishuka kukimbilia bondeni, nikapunguza mwendo mpaka naweza kumsalimu mpita njia bila kuhema, na dakika 20 zikaisha. Nililia pale barabarani.

Sasa kilomita 5 naimaliza. Waliofika 10 na 21, mlivukaje?

Dada wa Jinja
Hongera sana dada! Huo mwendo wa kusalimiana ndio siri yenyewe, usiuache. Sisi tupo wanawake wanne, tunatoka saa kumi na mbili na nusu kukishapambazuka, maana peke yangu gizani naogopa. Tukishindwa kuongea, tunapunguza.

Kufika 10 tulitumia mpango mwingine ndani ya simu: siku mbili fupi, na Jumamosi moja ndefu. Ndefu ilikwenda 6, 7, ikarudi 5, kisha 8, 9. Ile wiki ya kurudi nyuma tulitaka kuiruka, na nashukuru hatukuiruka, kwani miguu ilikuwa mizito kweli. Na bando lisikutishe: GPS inapima umbali hata data ikiwa imezimwa.

Mstaafu Bombo
Salaam. Jeshini tulikimbia kwa amri, kwa hiyo nilipostaafu nikaona siku tatu kwa wiki ni chache. Nikaongeza siku, nikafuatanisha tano. Pumzi ilikuwepo. Wiki ya tatu ugoko wa kulia ukaanza kuuma, nikiubonyeza kwa kidole nauma meno. Daktari alinieleza kwamba moyo na mapafu huzoea haraka kuliko mfupa, na siku ya kupumzika ndiyo mfupa unajijenga. Nilikaa nje wiki sita. Wanangu, maumivu ya misuli pande zote mbili hupita; maumivu ya sehemu moja juu ya mfupa, simama siku hiyo hiyo.

Raba nilinunua za mitumba soko la Owino, na sizijutii. Bonyeza soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, imekufa, hata kama juu inang'aa.

Mfanyabiashara wa Kapchorwa
Nakubaliana na mzee. Mimi naongezea juu ya kasi. Kampala ni kama mita 1,200 juu ya bahari, huku kwetu ni juu zaidi, na simu ilikuwa inaniambia nimeshuka kiwango kila nikirudi nyumbani. Ni hewa nyepesi ya juu tu. Joshua Cheptegei, wa huku huku, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26:11.00 pale Valencia mwaka 2020, yaani takriban dakika 2:37 kila kilomita. Lakini nimewaona vijana wetu wa mbio alfajiri wakianza taratibu kiasi kwamba mimi naenda nao sambamba kilomita nzima.

Kijana wa Kasese
21 yangu ya kwanza ilikuwa Kampala, Novemba. Mazoezini nilifika 18, mpango wote nimeufuata. Ambalo sikulifanyia mazoezi ni kula. Nilitoka na chai tupu, na kilomita ya 16 miguu ikakataa kabisa, kichwa chepesi, nikatembea hadi mwisho. Tangu hapo jioni nakula posho (ugali) au matooke (ndizi za kupika) ya kutosha, asubuhi ndizi mbivu na mkate masaa mawili kabla ya kukimbia, na nikipita dakika 90 nakula kitu njiani. Kijaribu kwanza siku ya mazoezi, matumbo hayafanani.

Mama Ntinda
Asanteni mno. Mzee wa Bombo, nimebonyeza raba zangu usiku huu: ya kushoto ni ubao. Jumamosi naanza Owino, kilomita 6 zitangoja Jumapili. Dada wa Jinja, mnapokimbia ile ndefu mnabeba maji mkononi, au mnayaficha mahali njiani?