Kufuma sweta kwa mkono, mgeni aanze na stichi gani?

kabale_baridi: Habari zenu jamani. Huku Kabale baridi ya asubuhi si mchezo na dada yangu anatarajia mtoto, nataka nimfumie sweta mwenyewe. Sindano ninazo za milimita 4, uzi nilichukua Owino nilipoteremka Kampala. Jirani kanionyesha kuanzisha vitanzi na stichi mbili, pleni na pali, nikawa nafuma mstari mmoja pleni mmoja pali, sasa kitambaa kinajiviringisha pembeni kama mkeka, nikikinyoosha kinarudi. Shida ni uzi ama mkono wangu? Na mgeni aanze na ipi hasa?

fundi_mbale: Nyabo hujaharibu kitu. Hiyo ya mstari pleni mstari pali lazima ijikunje ndo tabia yake, tazama mbele utaona V zimepangana, nyuma ni vinundu tupu, hizo pande mbili hazivutani sawa. Hata uzi wa bei kali utajikunja. Mimi nasema pali iweke kando kwanza. Fuma pleni mpaka mwisho, geuza, pleni tena, hivyo hivyo, kitatoka kizito chenye matuta pande zote na kinalala chenyewe bila pasi. Tengeneza skafu au kiblanketi mkono uzoee. Pali utaielewa haraka baadaye maana ni pleni hiyo hiyo ukiitazama kwa nyuma: kwenye pleni uzi unakaa nyuma na ncha inaingia kitanzini kutoka mbele, kwenye pali uzi unakuja mbele na ncha inatokea nyuma kuja mbele.

nyuzi_jinja: Kweli kabisa. Na uhesabu vitanzi kila mstari tafadhali! Mtu anaanzisha 30, baadaye anakuta 34 na kitambaa kinazidi kupanuka hajui kwa nini. Mara nyingi ni pale ukigeuza kazi, uzi unavutwa juu ya sindano, kitanzi cha kwanza kinafunguka kinaonekana viwili na unavifuma vyote. Shusha uzi chini kwanza ndo uanze. Halafu usikaze, ukikaza sana sindano haiingii mstari unaofuata na vidole vinauma bure. Kama kuna mtoto hapo nyumbani anataka kujifunza na wewe, spoku mbili za baiskeli zilizosuguliwa ncha zinatosha, wengi tulianza nazo.

kabale_baridi: Asanteni sana, kumbe uzi hauna kosa. Sasa kwa sweta yenyewe, kiunoni na mikononi nifanyeje pasijikunje?

fundi_mbale: Hapo unachanganya kwenye mstari mmoja, pleni 2 pali 2 mpaka mwisho, vitanzi vyako vigawanyike kwa 4. Ukigeuza soma kitambaa, kitanzi kikionyesha V fuma pleni, kikionyesha nundu fuma pali. Inavutika na kurudi, ndo ile iko kwenye mikono ya sweta za shule. Ila uzi ukiuhamisha mbele au nyuma upitishe katikati ya sindano mbili, ukipita juu ya sindano umeongeza kitanzi. Na uzi wa mtoto usuguesugue shingoni kwako kwanza, ukikuwasha wewe tafuta mwingine.