Jumapili ya Élisabethville kati ya vita mbili: tuvae nini, tupige ngoma gani?

Mtoto wa Katuba
Bakubwa, jambo yenu bote. Kundi letu la vijana 40 linatayarisha maandamano ya kuonyesha namna watu wa mji huu wa Lubumbashi, zamani Élisabethville, walivyokuwa wakistarehe siku ya Jumapili, kati ya vita ya 1914-1918 na ile ya 1940. Tutaanzia mtaa wa Kamalondo. Tuko na ngoma mbili za fusti (pipa la chuma), gitaa moja, jezi za timu ya mpira ya Mazembe na gramofoni ya kuazima isiyolia. Tuko na wiki tano. Mutusaidie: tuache nini, tuongeze nini?

Papa wa Kamalondo
Mwanangu, kabla ya nguo chagueni mwaka. Hilo ndilo linaloharibu maonyesho mengi ya namna hii: watu wanachanganya miaka 20 katika saa moja.

Mwaka 1922 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, wengi walikuwa wanaume peke yao, mikataba mifupi, na wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia) na Nyasaland (leo Malawi) kwa njia ya reli iliyofika hapa 1910. Jumapili yao ilikuwa ya wanaume. Karibu na 1927-1928 kampuni ikageuza mambo: ikataka mtu akae na mke na watoto kambini, ili asiondoke. Ndipo Jumapili ikapata akina mama, watoto, shule, skauti, fanfari ya misheni (bendi ya tarumbeta). Katikati hapo kuna shida ya uchumi ya 1930-1932, wafanyakazi wengi walirudishwa makwao na vikundi vya ngoma vikapungukiwa watu.

Kwa hiyo: mkitaka mbeni, ngoma ya gwaride, yenye nguvu, chukueni 1925. Mkiwa na wasichana wengi na watoto, chukueni 1938. Kamalondo ni sawa kabisa, wakati ule ikiitwa Albert. Lakini msibebe kibao cha Katuba wala Ruashi, komini (mitaa) hizo zilizaliwa baada ya vita ya pili. Na mji muuite Élisabethville, jina Lubumbashi mji ulilipewa 1966.

Jambo moja naomba msilisahau. Mtu mweusi hakwenda kustarehe katika mji wa Wazungu. Sinema yao, serkli (klabu) yao, tenisi yao, vyote vilikuwa vyao, na kati ya mji wao na Albert kulikuwa na uwanja mtupu ulioachwa makusudi. Maandamano yenu yakifika mpakani, yasimame. Ngoma zinyamaze, mgeuke. Watazamaji wataelewa bila maneno.

Fundi Ngozi
Naongeza juu ya mbeni. Ngoma hii ilitoka pwani, Mombasa na Lamu, ikaenea na askari na wapagazi wa vita ya kwanza; askari wetu wa Force Publique, jeshi la koloni, walifika hadi Tabora mwaka 1916. Ni gwaride: mistari minne minne, kaptula ya kaki, soksi ndefu, bunduki ya mbao, na vyeo vya kizungu: mfalme, gavana, kapteni, daktari. Msiicheze kama kichekesho. Wale watu walipiga pasi nguo zao kwa uangalifu, na chama kilikuwa na michango na kuzikana.

Fusti ya lita 200 iliyofunikwa ngozi ya ng'ombe inajulikana zaidi kwenye kalela, ngoma ya wafanyakazi wa migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ya miaka ya 1950. Kwa 1925 tumieni ngoma ya mti, ngozi ya mbuzi. Lowesheni ngozi usiku mmoja, itoeni manyoya kwa majivu, ivuteni ikiwa mbichi, ikaukie kivulini siku tatu. Mkiianika juani itapasuka kwenye vigingi, na miezi hii ya baridi kavu, Juni na Julai, inapasuka upesi zaidi.

Tarumbeta hamna? Fanyeni ya kibuyu, kama ya malipenga, ngoma ya gwaride ya Malawi. Chukueni kibuyu kikavu chenye shingo, kateni ncha zote mbili, toboeni tundu la mdomo ubavuni. Ncha nyembamba izibeni kwa utando: zamani ni ule wa mfuko wa mayai ya buibui, leo kipande cha mfuko wa plastiki mwembamba kinafaa. Gandisheni kwa nta. Kisha msipulize: imbeni ndani, "tuu, tuu", utando utetemeke. Anayepuliza hapati sauti, anapata mate, na utando ukilowa unakufa. Bebeni vipande vya akiba kumi. Vibuyu sita vya ukubwa tofauti vinatosha.

Beki wa Zamani
Jezi za Mazembe hapana. Timu ilianzishwa 1939 na Wabenedikto wa Saint-Boniface kwa jina la Saint-Georges. Majina Englebert na Mazembe yalikuja baadaye. Timu ya Lupopo pia ni ya 1939. Vaeni shati moja la rangi moja, miguu peku, bila namba mgongoni.

Mpira: ngozi ya kahawia, mpasuko mmoja wenye kamba kama ya kiatu, ndani kuna kibofu. Unajaza, unafunga mrija, unaukunja ndani, ndipo unakaza kamba. Mrija usipokunjwa vizuri unaacha nundu, mpira unakimbia upande. Ukilowa unakuwa mzito, na kamba inachana paji la uso. Anayepiga kichwa aangalie kamba iko wapi.

Mama Santuri
Gramofoni isiyolia msiichokonoe, spika ndogo ndani ya sanduku inatosha. Ila fuateni mwendo wake: sahani (santuri) ya mizunguko 78 kwa dakika inaimba dakika tatu hivi, kisha mtu anageuza, anabadili sindano, anazungusha mpini wa gramofoni. Watu wakisubiri pale, ndiyo Jumapili yenyewe. Sahani za muziki wa Kuba zilianza kuuzwa Afrika 1933, kwa hiyo 1925 hapana. Gitaa wekeni 1938, kwa sauti ndogo. Msipige mtindo wa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa: alizaliwa 1930, akarekodiwa 1952.

Mtoto wa Katuba
Aksanti sana bakubwa. Tumechukua 1938, kwa sababu ya wadada. Mbeni tuitoe?

Papa wa Kamalondo
Hapana, ipunguzeni. Safu moja ya watu wanane, watu wazima, wakitembea nyuma ya fanfari ya misheni. Vibuyu vitatu.