UZI: Yule wa tai kanifutia pg_wal mbele ya bosi, ati "ni logi tu hizo, mwanangu"

Bi_Kweri (mwenye uzi):

Jamani, mimi leo silali, na nyinyi hamlali.

Simtaji. Mnamjua. Yule wa tai. Mtu anashuka mashua ya Mokowe hapa Lamu saa sita mchana, jua la kaskazi linapasua mawe, na tai kaikaza shingoni kama anakwenda kuapishwa. Huyo huyo aliyewahi kuizima seva ya watu "ipumzike kidogo". Haya, mshamkumbuka.

Asubuhi nafika kazini, seva ya tiketi imelala. PostgreSQL, yaani hifadhidata yetu. Diski imejaa pomoni, hata nukta haiingii. Nachungulia, naona pg_wal imevimba, ile folda ya WAL, daftari ambamo Postgres inaandika kila badiliko kabla ya kulitia kwenye data: mafaili ya megabaiti 16, moja nyuma ya jingine, yamepangana kama punda gatini. Na sababu naijua! Mwezi wa tatu huyu bwana alitufungia replika (seva ya nakala) kule Mombasa, ikamchosha, akaizima, akaenda zake. Sloti ya replika akaiacha kwenye seva yetu. Sasa sloti ni kama mgeni aliyesema "niwekeeni chakula, naja". Haji, na sahani hamuwezi kuiondoa. Postgres inamwekea WAL zote mpaka aje azisome. Na yeye yuko kabatini Mombasa, kachomolewa waya.

Nisikilizeni vizuri hapa. Hakuna data iliyokuwa imepotea. HAKUNA. Postgres ikikosa pa kuandikia WAL inajizima yenyewe. Ukiipa nafasi inaamka, inazisoma WAL zake, inaendelea pale ilipoachia. Nilitaka dakika kumi tu: nihamishe mafaili mengine yaliyo kwenye diski ile, niiwashe, niifute sloti, nipige chekipointi (Postgres imalize kutia mabadiliko yote kwenye data), WAL kuukuu zijiondokee zenyewe bila mkono wa mtu. Bosi kasimama nyuma yangu namweleza hivyo hivyo, na kichwa anatikisa.

Ndipo akaingia yeye, saa nne. Mkononi karatasi ya mahamri, mafuta yameshapenya upande wa pili.

"Nipishe kidogo, mwanangu."

Mwanangu! Mimi nina miaka 41. Yeye ndevu zenyewe hazijaamua kama zinaota au hazioti. Akainama juu ya bega langu, hamri moja limening'inia mdomoni, akaandika rm -rf, amri ya kufuta bila kuuliza, akataja pg_wal, akatia kinyota, na kwa kile kidole kinachong'aa mafuta akabonyeza Enta.

Tap.

"Ni logi tu hizo."

NI LOGI TU! Mnajua kwamba zamani folda hiyo ikiitwa pg_xlog, na toleo la 10, mwaka 2017, wakaibadilisha jina kwa sababu watu walikuwa wakiona neno "log" wanadhani ni takataka, wanafagia? Watu wazima wamekaa kikao wakabadilisha jina la folda ili mtu kama huyu asiiguse. Na bado kaifikia. Na mahamri mkononi.

Bosi kuona diski imepungua, akasema mashallah. "Unaona? Dakika moja." Haya, naiwasha. Inakataa. Inasema haioni rekodi halali ya chekipointi. Itaionea wapi? Bosi akanitazama MIMI. Wa tai naye akanitazama MIMI, akapangusa kidole kwenye kalenda yangu ya ukutani, akauliza: "Kwani mwanangu, hii diski ulikuwa huiangalii?"

Kile kitufe nimekisugua kwa spiriti mara mbili. Bado kinateleza.

PundaHanaBreki:
Pole dada. Bekapu je?

Nahodha5432:
Namjua! Tai nyekundu, si ndiyo? Kwetu alizima autovacuum, kifagio cha Postgres, kwa sababu "inakula prosesa". Meza ya wageni ina safu elfu kumi hivi, ikafika gigabaiti tisa, yote maiti za safu zilizofutwa. Kutafuta jina la mgeni mmoja unaweza kutoka Langoni mpaka Mkomani na kurudi. Tulipomwita aje aone akasema tununue diski.

PundaHanaBreki:
Lakini bekapu hujajibu dada.

Bi_Kweri:
Bekapu ipo. Suala hapa si bekapu, suala ni kidole. Nyinyi hamkukiona kile kidole.

Kibarua_wa_Usiku:
Shangazi, kabla hujagusa kitu kingine nakili folda yote ya data ilivyo, iweke mashine nyingine. Baada ya hapo ndipo ujaribu pg_resetwal, inayoilazimisha kuamka bila WAL zake. Ikiamka usiwafungulie watu. Toa kila kitu kwa pg_dump, ukakimwage kwenye seva mpya, kwa sababu hiyo ya zamani huwezi kuiamini tena, itakuwa na vitu nusu nusu.

Na sloti: ziangalie pg_replication_slots, yoyote iliyo haifanyi kazi na huijui mwenyewe, ifute. Kuanzia toleo la 13 kuna max_slot_wal_keep_size. Ikiachwa ilivyo ni -1, yaani haina ukomo. Mimi nimetia gigabaiti 10. Replika ikichelewa zaidi ya hapo itajijua, nitaijenga upya. Heri replika ife kuliko seva kuu.

Bi_Kweri:
Ahsante mwanangu (wewe ndiye mwanangu, si mimi wa mtu). Nakala nimeshatoa. pg_resetwal imeiamsha. Sasa mashua ya kesho kiti namba 4 kina abiria watatu, na mmoja wao ni kadhi. Nani atamwambia kadhi? Mwenye kidole!

PundaHanaBreki:
Kama bekapu ipo hayo ya pg_resetwal ni ya nini?

MwanaWaShela:
😂😂 Punda hang'oki leo.

Bi_Kweri:
Bekapu ipo. Iko kwenye diski ile ile. Na faili la mwisho lina baiti sifuri kwa sababu diski ilikuwa imejaa. Umefurahi?

MwanaWaShela:
Wallahi nimeanguka kwenye baraza. Baiti SIFURI.

PundaHanaBreki:
Nimefurahi.

Maalim_wa_Meza:
Msimcheke sana. Januari 31, 2017, GitLab, kampuni ya kuhifadhi misimbo ya programu, walifuta folda ya data ya seva kuu kwa makosa, na walipokimbilia bekapu wakakuta njia tano walizokuwa nazo hakuna inayotegemeka. Data ya muda wa saa sita hivi ikaenda. pg_dump yao ilikuwa ya toleo la 9.2 na seva ni 9.6, kwa hiyo kila siku ilikuwa inashindwa na hakuna aliyejua. Hao ni GitLab. Mimi kila Ijumaa baada ya sala nachukua bekapu ya jana naifungua kwenye laptopu kuukuu, nahesabu safu za meza tatu. Robo saa.

MezaYaPili:
Mimi nafanya kazi chumba kimoja na Bi Kweri, sisemi ni nani. Muulizeni hayo "mafaili mengine yaliyo kwenye diski" ni yapi.

MwanaWaShela:
Ni yapi?

MezaYaPili:
Gigabaiti 38 za video za harusi ya binamu yake. Kuanzia hina mpaka kupamba. Kupamba! Shughuli ya wanawake watupu, imewekwa kwenye seva ya kampuni, folda inaitwa TESTI_USIFUTE.

Nahodha5432:
🤣🤣🤣 Kwa hiyo sloti imeweka chakula cha mgeni, na Bi Kweri kaweka pilau nzima ya harusi.

Bi_Kweri:
MezaYaPili nimekujua kwa herufi zako. Kesho. Na video zilikaa pale mwaka mzima bila kumdhuru mtu! Aliyebonyeza ni nani? Kidole ni cha nani? Mbona hapa hakuna anayezungumzia kidole?

Dau_la_Mnazi:
Ndiyo maana mimi natumia MySQL. Hayo ma-WAL yenu siyajui.

Kibarua_wa_Usiku:
Ami, MySQL nayo ina binlogi, daftari lake la mabadiliko. Toleo la 8 zinajifuta baada ya siku 30 usipobadilisha. Ukizifuta kwa rm badala ya PURGE, amri yake yenyewe, utarudi humu na uzi wako mwenyewe.

Dau_la_Mnazi:
...hizo ndizo zinazojaza diski yangu? Nilizifuta juzi.

MwanaWaShela:
Kwa rm?

Dau_la_Mnazi:
Tuendelee na mada.

Fundi_Malindi:
Nyie Lamu mna raha, mtu wenu walau kaja na tai. Mimi Malindi bosi wangu mwenyewe ndiye adui. Mtu kafungua muamala, kafuta safu moja, hajafunga, kaenda kula. Kila mtu nyuma yake amekwama. Mimi nafungua pg_stat_activity taratibu, namtafuta aliye "idle in transaction", niko tayari kumtoa peke yake kwa pg_terminate_backend. Bosi kaniwahi kwa kill -9, amri ya kuua programu papo hapo. Mnajua kilichofuata: Postgres ikiona mtoto wake kauawa hivyo inawaondoa wote, inaanza kujitibu upya. Hoteli nzima, mapokezi, jikoni, baa. Mgeni wa Kiitaliano alikuwa katikati ya kulipa.

Nahodha5432:
Bosi wako ana tai?

Fundi_Malindi:
Ana kaptura.

Kibarua_wa_Usiku:
Weka idle_in_transaction_session_timeout, dakika tano. Anayekwenda kula anarudi akiwa ameshatolewa.

KaskaziKavu:
Nyote mnazungumzia seva. Sisi huku stima ikipotea mara nne kwa siku hizo seva zinawaka kwa nini? Kwa dua?

Maalim_wa_Meza:
Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma kwenye kituo cha umeme cha Gitaru, Kenya nzima ikawa giza. Tumbili mwenyewe akapona. Kwa hiyo betri ya akiba, na iwe na uwezo wa kuiambia seva ijizime taratibu kabla haijaisha.

KaskaziKavu:
Kwetu hatuhitaji tumbili. Kwetu punda alitafuna kebo ya mtandao iliyopitishwa nje kichochoroni. Mwenye punda akataka tumlipe, ati punda kaharibika tumbo.

MwanaWaShela:
Mlimlipa?

KaskaziKavu:
Nusu.

Bi_Kweri:
Jamani. Uzi ni wangu. Kidole.

PundaHanaBreki:
Dada nina swali la mwisho, si la bekapu. Hayo mahamri saa nne ya asubuhi aliyapata wapi? Maana kwangu saa mbili yameisha.

Nahodha5432:
Swali zuri. Yalikuwa na iliki?

Bi_Kweri:
Sijibu upuuzi.

MezaYaPili:
Yalikuwa na iliki. Alituachia matatu mezani. Bi Kweri alikula mawili.

Bi_Kweri:
Nilikula kwa hasira.

Fundi_Malindi:
Kwa mbaazi au makavu?

Bi_Kweri:
Makavu. Ni ya yule mama wa karibu na ngome, mlango wa buluu. Hukaanga mara ya pili saa tatu na nusu. Mkienda mwambieni apunguze mafuta.