Tupeane uzoefu: traki ulizonakili zikaanza kulana

Wakuu, habari za studio. Naomba tukusanye hapa visa vya fezi, yaani mawimbi ya traki mbili za sauti ileile kupishana hadi yanafutana. Vijana wengi wanaambiwa "nakili vokali (sauti ya mwimbaji) iwe nene", basi. Nakala isiyosogezwa hata kidogo haileti unene wowote, inapandisha sauti desibeli 6 tu. Ukiichelewesha milisekunde 1, kwenye 500 Hz kilele cha wimbi moja kinaangukia bonde la jingine, vinafutana. Vivyo hivyo 1,500 na 2,500, hadi juu kabisa. Ndipo mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya bomba. Nani yamemkuta, na alitokaje?

Fundi wa Kaswida, Mombasa
Shukran kwa mada, ndugu yangu. Kaswida ya sauti tupu haina kinanda wala gitaa la kuficha kasoro, kwa hivyo fezi huiskia mapema. Kuna kijana aliniletea faili zake: sauti ya kiongozi kainakili, moja kushoto, moja kulia, ya kulia kaichelewesha milisekunde kumi na kitu. Kwenye hedifoni ilikuwa pana, tamu sana. Tukaijaribu kwa spika moja, mono, kama itakavyopigwa msikitini: kiongozi akawa mwembamba, kifua chote kimekwenda, na wale waitikiaji wako palepale. Hapakuwa na ikwalaiza (kuongeza au kupunguza besi na sauti za juu) ya kuliponya lile. Tulifuta nakala, tukamwita kiongozi aimbe tena mistari ileile. Binadamu harudii pumzi wala lafudhi sawasawa, kwa hivyo mawimbi hayapati nafasi ya kufutana mfululizo. Unene wa kweli unatoka hapo, na mwimbaji akiwa amechoka ni bora kumngoja kesho kuliko kumnakili.

Beat za Usiku
Kwangu ni dramu mbili za chini, moja juu ya nyingine. Kila moja peke yake nzito, pamoja besi hakuna. Niligeuza polariti ya moja, yaani kupindua wimbi lake kilele kiwe bonde, besi ikarudi. Siku nyingine haitoshi, inabidi usogeze moja kidogokidogo huku unasikiliza.

Dada wa Miksi
Mkuu, usisahau plagini, zile programu ndogo za kuchakata sauti. Nakala ukiipitisha kwenye plagini ya kompresa (inayobana sauti kubwa), na programu ya kurekodia haifidii ucheleweshaji wake, inachelewa bila wewe kugusa kitu. Mimi huwa nageuza polariti ya nakala, naweka plagini isibadilishe chochote, halafu naziachia zote mbili kwa sauti sawa. Kukiwa kimya kabisa, zimelingana. Nikisikia mabaki ya "s" na "t", najua kuna iliyochelewa.