Mjadala: Nani achague jaribio lijalo kwenye tangi la bakteria, jedwali au algoridhimu?

Mtoa hoja: Viwanda vinavyozalisha protini za dawa kwa bakteria E. coli viache kupanga majaribio yote siku ya kwanza. Tuna vigezo vitano: joto baada ya kuwasha jeni (nyuzi 18 hadi 37), kiasi cha IPTG, kemikali inayowasha jeni hiyo (milimola 0.05 hadi 1 kwa lita), wingi wa seli wakati wa kuwasha, kasi ya kulisha glukosi, na pH. Jedwali la Box-Behnken, mpango wa kitakwimu unaopanga majaribio yote mapema, linadai majaribio 46. Algoridhimu ya Bayes inaanza na 12 yaliyotawanywa eneo zima, inajenga modeli, kisha inapendekeza manne manne, pale inapotarajia mavuno au pale isipojua kitu. Raundi nne, jumla 28.

Mtakwimu: Hiyo 46 umeichagua kwa kukufaa, ndugu. Vigezo vitano huchujwa kwanza kwa nusu ya jedwali la ngazi mbili, yaani kila kigezo kikiwa chini au juu: majaribio 16, na matatu ya katikati, vigezo vyote vikiwa kwenye thamani ya kati. Hayo matatu ndiyo yanayopima kelele, yaani tofauti za bahati tu kati ya majaribio yaleyale. Bila marudio, modeli itang'ang'ania jaribio moja lililobahatika. Na mkifanya majaribio kwenye sahani ya visima vidogo 96, visima vya pembezoni hukauka upesi. Mashine itadhani ni athari ya IPTG.

Mtoa hoja: Marudio nakubali, kila raundi ibebe jaribio rejea. Lakini yale matatu ya katikati yanakuambia tu kwamba kuna mpindo, yaani mavuno hayafuati mstari mnyoofu. Hayasemi ni wa joto au wa pH.

Mhandisi wa uzalishaji: Mnabishania idadi, kumbe kosa liko kwenye chombo. Ndani ya sahani pH haidhibitiwi, na kwa kawaida glukosi humwagwa yote mara moja. Seli zikila glukosi kupita kiasi hutoa asetati, taka ya asidi, na ukuaji unadumaa. Mavuno hayo hayahamii tangi la lita 1,000. Fanyeni kazi kwenye vitangi vya mililita 250 vyenye kulisha polepole, oksijeni iliyoyeyuka ishikiliwe kwenye asilimia 30. Lengo nalo mliangalie: ukiagiza "protini nyingi", algoridhimu itakimbilia nyuzi 37 na IPTG tele, na protini nyingi itaganda kuwa chembe zisizoyeyuka. Pimeni protini iliyoyeyuka kwa lita kwa saa.

Mdhibiti ubora: Mwongozo wa ICH Q8, wa kimataifa kuhusu uundaji wa dawa, unasema kubadili vigezo ndani ya eneo lililoidhinishwa hakuhesabiwi kuwa mabadiliko. Kwa hiyo kingo za eneo ndizo zenye thamani kwetu, na algoridhimu hurundika data kileleni, penye mavuno ya juu kabisa. Ikishamaliza, zungusheni jedwali dogo kwenye kilele kwa vigezo vitatu vyenye uzito: majaribio 15.

Mtakwimu: 28 na 15 ni 43. Akiba dhidi ya 46 iko wapi?

Mtoa hoja: Jedwali lako likipata kilele, nalo litadaiwa majaribio yaleyale 15 ya kingo. Yahesabu pande zote mbili.