Kufunga muziki kwenye Hilux dabo kabini: nianze na redio, spika au amplifaya?

MzeewaMwaloni

Wakuu, habari za Jumapili. Nina Hilux Vigo dabo kabini, dizeli, na upande wa muziki haijaguswa tangu itoke kiwandani. Napakia dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza, alfajiri, halafu ni barabara: leo Shinyanga, kesho Sengerema mpaka Geita. Zamani ukiwa kwenye foleni ya pantoni pale Kigongo unazima injini, unasikiliza redio yako vizuri tu. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 hakuna cha kuzima, kilomita 3 za maji unazimaliza hata wimbo haujaisha. Na ndipo nimeona kwamba gari ikitembea mimi sina redio. Nikifika 100 mngurumo unameza kila kitu, nikiongeza sauti spika za milangoni zinaanza kukwaruza.

Nimeuliza mafundi watatu mjini, kila mmoja na lake. Wa kwanza anasema niweke skrini ya Android ya inchi 9, basi. Wa pili anasema redio ibaki, nibadili spika zote nne. Wa tatu anataka kunifungia amplifaya na sabufa ya inchi 12 nyuma. Bajeti ni laki nane, na siti ya nyuma ina wenyewe, wanangu wanakaa hapo. Mngekuwa ninyi mngeanza na kipi?

Dj_Buzuruga

Skrini mkuu, hata usifikirie mara mbili. Unapata ramani, Bluetooth, kamera ya kurudi nyuma. Halafu redio hizo za Toyota ni za Kijapani, FM inaishia 90. Nusu ya stesheni za hapa Mwanza huzipati.

FundiNyakato

Dj, mdogo wangu, hapo kwenye FM umechanganya magari. Kweli Japani FM inaanzia 76, zamani iliishia 90, miaka hii wameipandisha hadi 95. Ndiyo maana Probox au Noah ikishuka bandarini tunaifungia kile kidude cha kuhamisha masafa. Ila Vigo haikuuzwa Japani. Toyota waliacha kuuza Hilux kwao 2004, wakairudisha 2017, na Vigo imepita katikati hapo. Redio yake kwa kawaida inafika 108. Mzee asibadilishe redio kwa sababu hiyo.

Sasa kwenye swali lenyewe. Skrini haiongezi nguvu. Redio yoyote inayotegemea umeme wa gari moja kwa moja, iwe ya kiwandani iwe Android ya inchi 10, ina volti 14 na kitu za kuchezea. Ukizipeleka kwenye spika ya omu 4 unapata wati 20 hivi za kweli kwa kila spika, na hapo umekamua zote. Ile 4x50W iliyoandikwa usoni ni kilele, sauti yenyewe imeshavunjika zamani. Amplifaya ina mtambo wake ndani wa kupandisha volti, kwa hiyo wati 60 au 75 za RMS, yaani nguvu halisi ya muda wote, kwa kila chaneli (njia ya spika moja) inatoa bila kulalamika. Kukwaruza unakokusikia ni redio iliyoishiwa nguvu pamoja na spika za karatasi zilizochoka, vyote viwili.

MnyamaWaIgoma

Muziki bila besi ni taarifa ya habari tu 😂 Mzee funga inchi 12, boksi la mbao, dagaa wenyewe watacheza huko nyuma.

Mama_Nyegezi

Mnyama, watoto wa watu wakae juu ya boksi?

Mzee shikamoo. Mimi natumia dabo kabini kama yako na nilianza na milango, nakushauri hivyo hivyo. Watu wanasema "badili spika" kama vile ni kubadili balbu. Simama karibu fundi anapovua kava la mlango, uone mwenyewe. Kuna nailoni imegandishwa kwa gundi nyeusi, na nyuma yake bati lina matundu makubwa, mkono unapita. Maji ya mvua yanayoshuka na kioo hupita humo ndani kila siku, na ile nailoni ndiyo inayoyazuia yasifike upande wa ndani. Fundi mwenye haraka anaichana anaitupa. Baada ya masika spika yako mpya imevimba.

Jambo la pili ni hayo matundu. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma. Ya nyuma ikipenya kwenye matundu inakutana na ya mbele, besi zinauana hapo hapo. Mimi nilibandikiwa shiti za butili, mpira laini unaonata, zile za mgongo wa bati jembamba la rangi ya fedha, kwenye bati la nje na kuziba matundu yote, zikasuguliwa kwa rola mpaka zikashika. Kabla ya hapo ukigonga mlango kwa kidole unalia ngaa. Baadaye unajibu du. Mlango wenyewe ukawa mzito kufunga, na hata kelele za matairi zilipungua, kitu ambacho sikukilipia.

Na kabla ya kununua, soma kipimo cha unyeti kwenye boksi la spika, kimeandikwa kwa dB. Spika ya 92 ukiilinganisha na ya 89, ni sawa na umeongeza nguvu ya redio mara mbili bila kununua chochote.

FundiNyakato

Dada amemaliza, mimi naongeza vipimo tu. Toyota nyingi mlango wa mbele una nafasi ya 6x9, na inchi 6.5 inakaa kwa ringi. Pima na kina pia. Shusha kioo mpaka chini halafu ndiyo upime, sumaku nene itagonga kioo. Na kwa wanaotaka skrini, tundu la dashibodi la Toyota nyingi lina upana wa milimita 200, redio ya kawaida ya dabo din (saizi ya kimo cha redio mbili) ina 178. Ukiona mtu anajazia ile nafasi kwa gundi na sponji, ondoka. Kuna fremu zake, na kuna soketi za Toyota za kuunganishia bila kukata waya hata mmoja.

KijanaWaMakoroboi

Vipi chumvi na unyevu wa ziwani, haviwezi kula amplifaya? Mzee anashinda mwaloni.

Mama_Nyegezi

Kaka, Victoria ni maji baridi, chumvi waachie watu wa Tanga. Adui hapa ni vumbi.

Dj_Buzuruga

Sawa nimenyoosha mikono kwenye skrini. Pia zinavutia wezi wanaovunja vioo. Lakini mzee atatoaje sauti kwenye redio ya zamani kupeleka kwenye amplifaya? Haina zile soketi za RCA.

FundiNyakato

Anachukua amplifaya yenye kuingiza sauti kutoka waya za spika, zipo nyingi. Waya za spika zinazotoka kwenye redio zinaingia kwenye amplifaya, amplifaya inapeleka milangoni. Redio inabaki ilivyo, na mwizi hana cha kutamani.

Ninapokuwa mkali ni kwenye waya. Kwa chaneli nne za wati 60, chukua waya namba 8 wa shaba. Madukani umejaa wa alumini uliopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiwa mweupe ndani ni alumini. Hauui gari, ila unapitisha umeme pungufu kuliko wa shaba, basi panda hadi namba 4, ambao ni mnene zaidi. Fyuzi ya ampea 40 ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Iko pale kwa ajili ya waya, maana ukichubuka pale unapopenya ukuta wa injini na kugusa bodi, bila fyuzi ni moto. Waya wa ethi uwe mfupi, na rangi ikwanguliwe mpaka bati ling'ae. Ule mlio wa kupiga mluzi unaopanda na injini, mara nyingi umetoka hapo.

MnyamaWaIgoma

Kwa hiyo besi mmezika kabisa?

FundiNyakato

Hazijazikwa. Kuna sabufa bapa ya inchi 8 yenye amplifaya yake ndani, inakaa chini ya siti. Kifua haitakupiga, lakini inajaza pale milango inapoishia. Hiyo mzee aifikirie mavuno ya mwakani.

MzeewaMwaloni

Marahaba mama, na wabeja sana wote. Nimeamua: shiti za butili na spika za mbele, amplifaya ya chaneli nne, redio inabaki. Fundi, amplifaya ikae wapi, na ile GAIN, kitufe cha kulinganisha amplifaya na sauti ya redio, niiweke ngapi?

FundiNyakato

Chini ya siti ya abiria, juu ya kipande cha ubao, isilale kwenye kapeti kwa sababu matope ya miguu yanaishia hapo. Iache ipumue. Swichi ya HPF, ile ya kuchuja sauti za chini, weka 80 Hz ili milango isihangaike na besi za chini. GAIN haina namba. Anza nayo chini kabisa, redio ifike robo tatu ya sauti, zungusha taratibu mpaka usikie inaanza kuharibika, kisha rudisha nyuma kidogo. Fanya hivyo kwa wimbo unaoujua, injini ikiwa inawaka.