Kufuta taa za onyo za dashibodi si kutengeneza gari! Wiki ya sita tangu nipite kwenye maji, bado nazungushwa

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Wiki sita zilizopita nilipita na gari kwenye maji ya mvua yaliyojaa barabarani. Najua, kosa langu, msianze kunisema. Wa mbele alipita, nikadhani nami nitapita. Yalifika usawa wa chini ya milango, gari halikuzimika, nikatokea ng'ambo nikijiona dereva kwelikweli.

Siku tatu gari zima. Ya nne vituko vikaanza. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasijifunge), ikafuata ya injini. Nikikanyaga breki, indiketa ya nyuma nayo inang'aa. Usiku mmoja honi ikajipigia yenyewe mpaka nikatoka na spana kuchomoa betri, majirani wote madirishani.

Nikampelekea fundi, na neno la kwanza nililomwambia ni kwamba gari limepita kwenye maji. Akachomeka mashine ya kupima, akafuta taa, "tayari bosi, maji yalishakauka". Sijafika hata nyumbani, taa zimerudi. Nikarudi, akafuta tena! Betri nayo ikawa inalala, safari ya tatu akasema alteneta, ile inayochaji betri, imekufa. Nikanunua. Betri ikaendelea kulala. Akaja na sensa ya gurudumu, ile inayoipa ABS habari za mzunguko wa gurudumu, nikanunua. Juzi ananiambia kontrol boksi (kompyuta ya gari) imeungua, nitafute nyingine. Hajaifungua. Hajaigusa. Hata kujua iko wapi kwenye gari langu sidhani kama anajua.

Jumamosi nikaamua kujifungia na gari mwenyewe. Nikachomoa betri, nikasubiri kidogo (chini ya viti kuna soketi za njano za airbag, hizo si za kuchezea umeme ukiwepo), nikatoa kiti cha abiria, nikainua kapeti. Juu kapeti kavu kabisa. Chini yake kuna sponji, nikaibonyeza kwa kidole, maji yakachuruzika. Wiki sita! Na harufu ile, acheni tu.

Mkungu wa waya umelala humo humo ndani ya majimaji. Nikavuta soketi moja, ndani kumejaa unga wa kijani, pini moja imelika imebaki nyembamba kama sindano. Shaba ikikaa kwenye maji machafu huku umeme unapita, inaliwa haraka, ndiyo maana gari huonekana zima siku ile ile halafu linaanza kuumwa baadaye. Sasa hilo mimi nisiye fundi nalijua, yeye anayelipwa halijui?

Kisha ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Ile bolti inayofunga waya za ethi karibu na kizingiti cha mlango ilikuwa na kutu tupu. Nikarudisha betri, nikawasha taa, nikaweka mita kati ya ncha ya waya ule na hasi ya betri: volti 1.3. Hapo inatakiwa isizidi 0.2 hivi. Nikafungua, nikapiga msasa mpaka bati likang'aa, nikafunga tena: 0.05. Indiketa ikaacha kuwaka na breki dakika ile ile. Kwa msasa, wakuu. Kipande cha msasa!

Ile alteneta "iliyokufa" nimempelekea fundi mwingine akaipima. Inatoa volti 14.2, nzima kama siku iliyofungwa. Yaani nimebadilishiwa kitu kizima kwa sababu mtu aliona uvivu kuinua kapeti.

Nimempigia kumwambia niliyoyakuta. Mnajua kanijibu nini? "Hiyo ya kapeti hukuniambia bosi." Mimi ndiye nimwambie maji yanakaa wapi!

Bado taa ya ABS inawaka, na soketi yenye pini iliyolika ndiyo inayokwenda upande huo. Nimekata kipande kidogo cha ganda la waya nyuma ya soketi, shaba ya ndani nayo imekuwa nyeusi, maji yamepanda nayo. Aliyewahi kulitengeneza tatizo hili kwa mkono wake anisaidie: nikate mpaka nifikie shaba safi niunge soketi nyingine, au nibadilishe waya mzima mpaka kwenye gurudumu? Na tafadhali, anayetaka kuniandikia "futa kwanza taa uone", apite kimya.